Kuruka na Kutua au Kutiririka: Kuchagua Namna ya Kuongoza Kishale katika osu!

Mchezaji wa osu!, mchezo wa kompyuta wa kubonyeza maduara kwa kufuata mapigo ya wimbo, anayetaka kupandisha asilimia yake ya usahihi huambiwa mengi na wenzake: nunua tableti ya kuchorea, punguza wepesi wa kipanya, tumia mkono mzima, tumia vidole tu. Kila ushauri una ukweli ndani yake, lakini hautolewi kwa mpangilio unaomsaidia mtu kuchagua, na kwa anayechezea kompyuta mpakato ya mtumba huko Ngarenaro, Arusha, au katika chumba cha kupanga jirani na chuo mjini Moshi, kuchagua vibaya kuna maana ya fedha ambayo haitarudi. Makala haya yanalinganisha mbinu hizo kwa kigezo cha usahihi peke yake, si kwa wingi wa alama wala kwa umahiri wa kucheza ramani (mpangilio wa maduara ya wimbo) ngumu kupita kiasi.

Kwanza ieleweke kinachopimwa. Mchezo huu, uliotolewa mwaka 2007 na Dean Herbert wa Australia, haumtunuku mtu kwa kuwa kishale chake kimekaa katikati ya duara. Aliyebonyeza kikiwa kwenye ukingo wa ndani na aliyebonyeza kikiwa katikati kabisa wanahukumiwa sawa, kwa kuwa hukumu ni ya muda. Katika ramani yenye ukali wa muda (kipimo cha jinsi muda wa kubonyeza unavyobanwa) wa 8, mbonyezo ulio ndani ya milisekunde 32 kabla au baada ya pigo hupata alama 300, ulio ndani ya 76 hupata 100, na ulio ndani ya 120 hupata 50. Ukali ukipanda hadi 9, dirisha la 300 hubana hadi milisekunde 26. Mbonyezo uliofanyika kishale kikiwa nje ya duara haugusi kitu, na duara hilo lisipobonyezwa tena kwa wakati huhesabiwa kuwa limekosekana. Kwa upande wa asilimia, 100 ni theluthi moja tu ya 300, hivyo mibonyezo mitatu ya 100 inaishusha asilimia sawasawa na maduara mawili yaliyokosekana. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza wimbo bila kukosa duara hata moja na bado asilimia yake ikawa ya kawaida sana.

Kwa hiyo kazi ya kishale ni kuwa ndani ya duara kwa muda wa kutosha ili kidole kibonyeze kwa kuufuata muziki, badala ya kuufuata mkono wa pili. Mbinu inayokipa kidole uhuru huo ndiyo bora kwa usahihi, hata kama haipendezi machoni.

Kuruka na kutua, na kutiririka

Mbinu kuu ni mbili, na nyingine zote zinazojadiliwa ni vifaa au viungo vya mwili vinavyozitumikia hizi. Katika kuruka na kutua, mkono hukirusha kishale kwa kasi kutoka duara moja hadi jingine, kikasimama, kidole kikabonyeza, kisha kikarushwa tena. Katika kutiririka, kishale hakisimami: kinapita katika maduara kwa mwendo mmoja usiokatika, na kidole kinabonyeza wakati kikipita. Ni kama daladala inayosimama kituoni na ile ambayo konda anashusha abiria gari likiwa bado linatembea; abiria wote watashuka, lakini wa pili hana nafasi ya kuchagua wakati wake.

Hesabu inaonyesha nafasi hiyo ni ndogo kiasi gani. Uwanja wa osu! una upana wa pikseli 512 na urefu wa 384 kwa vipimo vyake vyenyewe, na duara la ukubwa wa 4 (kipimo ambacho namba ikipanda duara hupungua), ambao ni wa kawaida sana, lina kipenyo cha pikseli 73 hivi. Tuchukue wimbo wa mapigo 180 kwa dakika ambao maduara yake yanakuja kila nusu ya pigo, yaani kila milisekunde 167, yakiwa yameachana kwa pikseli 150. Kishale kinachotiririka kwa mwendo sawa kinavuka duara zima kwa milisekunde 81 kikipita katikati kabisa, na hivyo kidole kina milisekunde 40 kila upande, zaidi kidogo ya 32 zinazohitajika. Hapo hakuna hasara. Lakini kishale kikipita pikseli 25 pembeni ya kitovu, jambo ambalo hutokea kila mara, sehemu ya duara inayovukwa inapungua, na uhuru wa kidole unashuka hadi chini kidogo ya milisekunde 30. Mbonyezo ambao sikio lingeupa 300 sasa unaweza kuangukia nje ya duara. Umbali ukifika pikseli 300, hata anayepita katikati kabisa anabakiwa na milisekunde 20 tu kila upande, na usahihi wake hautawaliwi tena na sikio bali na mwendo wa mkono.

Kutokana na hesabu hiyo inapatikana kanuni ya kukadiria. Zidisha kipenyo cha duara kwa muda ulio kati ya duara na duara, gawanya kwa 64 (yaani 32 mara mbili), na utapata umbali ambao ukivukwa, kutiririka kunaanza kulidhulumu dirisha la 300 katika ukali wa 8. Kwa mfano wetu umbali huo ni pikseli 190. Kwa wimbo wa mapigo 120 ni 285. Na kwa singeli ya mapigo 200, maduara yakija kila nusu ya pigo, ni 171. Kwa kuwa hakuna anayepita katikati ya kila duara, ni busara kuupunguza mpaka huo kwa theluthi hivi. Ramani iwekewapo badiliko la kukaza (Hard Rock), linaloifanya iwe ngumu zaidi, ukubwa wa 4 unazidishwa kwa 1.3 na kuwa 5.2, kipenyo kinashuka hadi pikseli 62, ukali wa muda nao unapanda, na hesabu inabidi ifanywe upya.

Anayeruka na kutua ana hesabu tofauti. Ikiwa safari yake inachukua milisekunde 100 kati ya zile 167, zinazobaki anazitumia akiwa amesimama ndani ya duara, na kwa kiasi kikubwa umbali haumgusi ilimradi mkono unaweza kufika. Gharama yake iko kwingine. Mwendo wa namna hii una sehemu mbili, mrusho wa haraka na marekebisho madogo ya mwisho, na tangu utafiti wa Paul Fitts wa mwaka 1954 inajulikana kwamba muda wa safari unaongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali na kadiri inavyokuwa ndogo. Katika kasi kubwa marekebisho hayo yanakosa muda, kishale kinapitiliza, na mkono unaanza kukakamaa. Mkono wa kulia ukikakamaa, wa kushoto unaobonyeza nao hukakamaa, na hapo usahihi unapotea kwa njia ambayo mchezaji haioni kwa sababu kishale chake kilikuwa mahali pake.

Kila mbinu pia ina kosa lake la kuzaliwa. Anayeruka na kutua hubonyeza mapema, kwa kuwa kidole huona kishale kimefika kikadhani na pigo limefika. Katika ule mstari wa makosa ulio chini ya kioo, unaoonyesha kila mbonyezo uliwahi au ulichelewa kiasi gani, vijistari vyake hurundikana upande wa kushoto, ulio wa mapema. Anayetiririka hubonyeza kwa kuangalia kishale kinapokaribia kitovu, kwa hiyo mtunzi wa ramani akibadilisha umbali ghafla bila kubadilisha mapigo, muda wa mbonyezo nao hubadilika, na vijistari vinatapakaa pande zote mbili. Kosa la kwanza ni rahisi kulirekebisha kuliko la pili, kwa kuwa lina mwelekeo mmoja.

Kuna mahali ambapo kutiririka hakuna mpinzani. Katika mfululizo wa robo za pigo kwa mapigo 180, duara linakuja kila milisekunde 83, na hakuna mkono unaoweza kusimama na kuondoka kwa haraka hiyo duara baada ya duara. Habari njema ni kwamba maduara ya mifululizo mingi huwa yamepandana. Yakiwa yameachana kwa pikseli 40, kishale kinakaa ndani ya kila duara kwa milisekunde 152, na kidole kina uhuru tele. Anayejaribu kurukaruka katika mfululizo wa namna hiyo anajitesa bila faida. Vivyo hivyo kwa maduara yaliyopangwa kama upinde au pembe butu: mkono unaokata kona kwa ulaini huyapita vizuri kuliko unaosimama kwenye kila moja. Pembe kali ni kinyume chake. Kishale kikienda na kurudi kati ya maduara mawili, lazima kisimame kabla ya kugeuka, na kinasimama pale pale kwenye duara, hivyo hata anayedhani anatiririka huwa anatua bila kujijua.

Kwa maoni yangu, anayeanza na anayejali usahihi ajifunze kuruka na kutua kwanza, kwa nyimbo za mapigo 120 hadi 150, mpaka kidole kizoee kuusubiri muziki wakati kishale kimeshafika. Kutiririka kutakuja kwenyewe mifululizo itakapoanza. Walioanza kwa kutiririka, ambao ni wengi kwa sababu mwendo huo unavutia ukitazamwa, hupata shida kubwa kujifunza kusimama.

Vidole, kifundo cha mkono au mkono mzima

Hapa mabishano ni mengi kuliko hoja, kwa sababu watu hulinganisha viungo bila kwanza kupima umbali ambao mkono unasafiri. Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Uwanja wa osu! huchukua asilimia 80 ya urefu wa kioo, kwa hiyo upana wake unakuwa pikseli 819 za kioo. Kipanya chenye dpi 800, yaani hatua 800 kwa kila inchi, kikiachwa bila kuzidishwa wala kupunguzwa kasi, kinavuka uwanja wote kwa milimita 26, na duara la ukubwa wa 4 linakuwa na upana wa milimita 3.7 mezani. Kuvuka milimita 26 kwa kutumia bega ni kichekesho. Hiyo ni kazi ya vidole na kifundo. Ukishuka hadi dpi 400, uwanja unakuwa milimita 52 na duara milimita 7.4, na hapo kifundo kikisaidiwa kidogo na kiwiko ndicho kinachofaa.

Vidole vinashinda kwa marekebisho madogo, na kwa mifululizo iliyobanana sijaona kinachovizidi. Udhaifu wake ni kwamba vinachoka, na vinaathirika na hali ya hewa kuliko watu wanavyodhani. Arusha ya Juni na Julai, asubuhi, vidole vinakuwa vizito na milimita 3.7 zinakuwa chache mno. Moshi ya Januari na Februari, jasho linafanya ncha za vidole ziteleze juu ya plastiki ya kipanya, na mchezaji anakibana zaidi ili kisimtoroke, jambo linaloleta mkakamao ule ule tuliousema. Kipande cha plasta ya kitambaa, ile ya hospitali, kikibandikwa ubavuni mwa kipanya mahali pa kidole gumba kinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Mkono mzima una mwendo laini na haupitilizi ovyo katika miruko mirefu, ila unahitaji nafasi. Katika mabanda mengi ya mtandao, kibodi na kipanya vinagombania meza moja nyembamba iliyozungukwa na mbao za kutenganisha viti, na mchezaji wa dpi ndogo anagonga ubao kabla ya kufika upande wa pili wa uwanja. Anayecheza huko asipoteze muda na mbinu ya mkono mzima. Mwenye meza yake nyumbani anaweza kuijaribu, mradi uso wa meza si ule mpira wa kutandika mezani wenye maua unaong'aa, ambao kipanya cha mwanga huusoma kwa kurukaruka. Jalada la daftari gumu linafanya kazi vizuri kuliko huo.

Lolote litakalochaguliwa, zima kwanza ule mpangilio wa Windows unaofanya kishale kiende mbali zaidi kadiri mkono unavyokwenda kasi. Ukiwa umewashwa, umbali ule ule wa mkono unazaa umbali tofauti wa kishale, na anayeruka na kutua hawezi kuuzoea mrusho wowote.

Kipanya na tableti ya kuchorea

Kipanya hupima mwendo. Tableti hupima mahali. Ncha ya kalamu ikiwa kwenye kona ya tableti, kishale kiko kwenye kona ya kioo, jana, leo na kesho. Hii ndiyo faida yake halisi kwa usahihi: mkono unakariri mahali, na kishale hakipotei pole pole kuelekea upande mmoja hadi kipanya kinyanyuliwe na kurudishwa. Kwa miruko mirefu faida hiyo ni kubwa. Wacom CTL-472, ambayo ni maarufu kwa wachezaji kwa sababu ni ya bei ya chini katika familia yake, ina eneo la milimita 152 kwa 95. Ukilitumia lote kwa kioo tulichokitaja, duara la ukubwa wa 4 linakuwa na upana wa milimita 13. Ukilipunguza kwa nusu kila upande, linakuwa milimita 6.5. Eneo kubwa linasamehe mtetemeko wa mkono lakini linadai kiwiko. Eneo dogo linahitaji kifundo tu, na mtetemeko wowote unaonekana.

Ndani ya tableti kwenyewe kuna uchaguzi wa kuburuta ncha au kuiacha ielee juu ya uso. Kuburuta kunaupa mkono egemeo, kwa hiyo kutua ni rahisi. Kuelea hakuna msuguano na kunapendelea kutiririka, lakini kalamu ikiinuliwa kupita kiasi tableti inaacha kuiona na kishale kinaganda katikati ya wimbo. Kwa anayetafuta usahihi, naona kuburuta kuna manufaa zaidi, pamoja na kwamba ncha inaisha. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia ndani hata madirisha yakifungwa; punje zake zikikaa kati ya ncha na uso zinaacha michirizi na kuimaliza ncha upesi, kwa hiyo kufuta tableti kwa kitambaa kikavu kabla ya kucheza ni lazima.

Je, tableti inastahili kununuliwa? Kwa aliyefika mahali ambapo kipanya kinapitiliza katika miruko mirefu tu, na kwingine anafanya vizuri, ndiyo. Kwa mwingine, hapana, si sasa. Kabla ya tableti kuna mabadiliko mawili yasiyo na gharama au yenye gharama ndogo ambayo yanaongeza usahihi kuliko kifaa hicho. La kwanza ni kuacha kubonyeza kwa vitufe vya kipanya na kutumia Z na X za kibodi, kwa kuwa kila mbonyezo wa kipanya unakitikisa kishale wakati ule ule kinapotakiwa kutulia. La pili ni kuachana na hedifoni za Bluetooth, ambazo huchelewesha sauti, na kutumia za waya. Na umeme ukikatika kompyuta ikahamia betri, ambapo nyingi hujipunguzia nguvu na picha zikaanza kukwama, afadhali mtu asubiri. Matokeo ya wakati huo hayamwambii chochote kuhusu mbinu yake.

Kuhusu lile bamba la kugusa lililo chini ya kibodi, halifai kwa usahihi wa kiwango chochote kinachostahili kujadiliwa. Simu ya kugusa ni mchezo mwingine kabisa, kwani kidole ndicho kishale na ndicho kitufe, na hakuna mwendo wa kulinganisha.

Vitelezi

Kitelezi ni duara lenye njia, ambalo ukishalibonyeza unashikilia kitufe na kuufuata mpira unaoteleza juu ya njia hiyo. Anayefuata kitelezi kwa kukaza kishale juu ya mpira wake anafanya kazi ya ziada. Ukishakishika, duara la kufuatia lina nusu kipenyo mara 2.4 ya lile la kawaida, hivyo katika vitelezi vifupi inatosha kusogea kidogo tu na kuanza mapema safari ya duara linalofuata. Huu ni muda wa bure kwa anayeruka na kutua. Jambo la kuangalia ni toleo la mchezo: katika toleo la zamani kichwa cha kitelezi hakihukumiwi kwa ukali wa muda, ilhali katika toleo jipya la lazer kinahukumiwa kama duara lingine lolote, na aliyezoea kulegea hapo ataona asilimia yake imeshuka bila kujua sababu.

Namna ya kujua ni ipi inayokufaa

Chagua ramani mbili unazozijua kwa moyo, moja ya miruko na nyingine ya mifululizo, uzicheze kwa kila mbinu katika siku tofauti, kisha usiangalie asilimia peke yake. Angalia pia kiwango cha kuyumba (unstable rate) ambacho mchezo unakitoa mwishoni. Ukikigawanya kwa 10 unapata mtawanyiko wa mibonyezo yako kwa milisekunde. Kiwango cha 100 kina maana ya mtawanyiko wa milisekunde 10, na katika ukali wa 8 karibu kila mbonyezo utapata 300. Kiwango cha 200 kinaleta 300 katika takriban mibonyezo tisa kati ya kumi. Kiwango hicho kikiwa kidogo lakini maduara yaliyokosekana ni mengi, kidole kiko sawa na kishale ndicho kinachochelewa, kwa hiyo badilisha mbinu ya mwendo kwa kufuata kanuni ya umbali iliyotolewa hapo juu. Kikiwa kikubwa na hakuna duara lililokosekana, kishale hakina kosa, na hakuna kipanya wala tableti itakayosaidia. Hapo punguza kasi ya ramani na ufanye mazoezi ya kubonyeza.